Dondoo muhimu: Kubandika nyumba ya karatasi
Bodys Isek Kingelez (1948–2015) alijenga miji mizima kwa karatasi na katoni huko Kinshasa. Mwaka 2018 ilionyeshwa New York, kwenye jumba la makumbusho la MoMA. Wewe, anza na nyumba moja.

Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyoisha wino juu ya mstari, ukifuata rula. Kisha kunja, na ujaribu kuunganisha vipande vyote vya nyumba bila kole (gundi).

Kole nyeupe ipake kwa njiti ya kiberiti, kidogo sana, kwenye pindo la kubandikia tu. Ikizidi, karatasi hulowa na kujikunja, na hainyooki tena. Bana kwa kibanio cha nguo hadi kole ikauke. Majira ya mvua subiri zaidi. Paa libandike mwisho, ili vidole viweze kubonyeza kona kwa ndani.