Je, Vimeng'enya Vyote ni Protini?

Kuna wanaodhani kwamba Kiswahili ni cha mashairi na insha tu, na biolojia ni ya Kiingereza. Mimi nasema la! Hebu leo tusome biolojia kwa lugha yetu.

Tangu kidato cha kwanza tumekariri kwamba kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, kama kile cha mate kinachovunja wanga wa ugali. Hayo ni kweli kwa vimeng'enya vingi, lakini si vyote. Mwaka wa 1982, Thomas Cech wa Marekani alionyesha kwamba RNA ya kiumbe kidogo cha majini, Tetrahymena, hujikata na kujiunga yenyewe bila protini yoyote. Mwaka wa 1983, Sidney Altman na wenzake wakaonyesha RNA ya bakteria inayokata RNA nyingine. Cech na Altman walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1989. RNA ya namna hii huitwa ribozimu.

Sasa mtauliza, RNA ni uzi tu, itakataje? Siri ni umbo. Uzi huo una herufi nne: A, U, G na C. A hushikana na U, nayo G hushikana na C. Kwa hivyo uzi hujikunja wenyewe, ukafanya mashina na vitanzi.

Mfano mzuri hauko mbali nasi. Kando ya Ziwa Victoria, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka hapa Kakamega, watu husumbuliwa na kichocho cha matumbo. Kinaletwa na mnyoo Schistosoma mansoni, ambaye hukulia ndani ya konokono kabla ya kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Mnyoo huyo ana ribozimu iitwayo "kichwa cha nyundo," kwa sababu ya jinsi mashina yake matatu yanavyoonekana yakichorwa. Mashina hayo hukutana kwenye kitovu, na hapo ndipo uzi hukatwa.

Hapo awali wanasayansi walipima vipande vifupi vyenye kitovu tu. Vilikata, ndio, lakini polepole, tena vilitaka magnesiamu nyingi kuliko ile ya kawaida katika seli. Mwaka wa 2006, Monika Martick na William Scott wa Marekani walitoa picha ya ribozimu kamili ya mnyoo huyu. Ikaonekana kwamba sehemu mbili zilizo mbali na kitovu hugusana, na kugusana huko hukikaza kitovu kikae sawasawa. Ribozimu kamili yaweza kukata hata mara 1,000 zaidi ya kile kipande kifupi.

Fikirieni mkasi uliong'olewa msumari wa katikati. Makali yapo, lakini hayakutani, basi karatasi haikatiki.

Tena, kitovuni kuna G na C zilizoshikana. Wanasayansi hao walipobadilisha moja, ribozimu ilikoma kukata. Walipobadilisha zote mbili ili zishikane tena, kazi ikarudi. Si herufi peke yake basi, ni umbo ambalo herufi hulishikilia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na msidhani haya ni mambo ya minyoo tu. Ndani ya ribosomu za seli zetu, sehemu inayounganisha asidi amino kuwa protini ni RNA. Yaani hata kile kimeng'enya cha mate tulichokitaja kimeundwa na RNA!

Kwa hivyo wenzangu, tukiulizwa kimeng'enya ni nini, tuseme kwamba vingi ni protini na vingine ni RNA. Na tukichora RNA, tusichore mstari ulionyooka tukaridhika. Tuulize pia imejikunja vipi.