Uyoga wa Rumonge na watoto wa jirani

"Nina watoto wanne, naishi Buyenzi, Bujumbura. Mvua zikianza naletewa gunia la uyoga kwa basi kutoka Rumonge, nauza kwa mafungu soko la Ruvumera na mlangoni kwangu. Ndio unaolipa ada ya shule. Mwezi uliopita watoto wawili wa jirani walikula uyoga wangu wakatapika usiku kucha. Wamepona, lakini mama yao haitikii salamu yangu na mtaa unanong'ona. Mume wangu anasema niache. Shangazi anasema nichemshe uyoga na kitunguu, kikigeuka cheusi una sumu. Nifanye nini?"
Mama Wanne, Buyenzi

Pole sana, Mama Wanne. Nianze na shangazi, kwa heshima zake zote: kitunguu hakitambui sumu. Wala kijiko cha fedha. Na uyoga ulioliwa na konokono bado unaweza kuua mtu. Sumu mbaya kupita zote, ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kuanikwa.

Hukunieleza watoto walianza kutapika saa ngapi baada ya kula. Mtu akitapika saa moja au mbili baada ya kula, mara nyingi tumbo ndilo limekataa, na mara nyingi hupona. Akianza saa sita au zaidi baada ya kula, apelekwe hospitali usiku huohuo, pamoja na mabaki ya uyoga. Sumu ile ya Amanita huchelewa, kisha humdanganya mgonjwa: hupata nafuu siku ya pili, watu wakashukuru, kumbe ini linaharibika. Watoto wa jirani wamemaliza mwezi wakiwa wazima, hofu hiyo imepita. Lakini wewe unayeuza lazima uijue.

Huenda hata aina haikuwa na kosa. Uyoga uliofungwa kwenye gunia, ukashinda juani juu ya basi, unafika umelowa na umeanza kuoza, nao uliooza hutapisha. Agiza uje kwenye vikapu au matenga yanayopitisha hewa.

Sasa, nani anauchuma? Hapo ndipo biashara yako imelegea. Akina mama waliokulia kando ya misitu ya miombo kule Rumonge wanaujua uyoga wao vizuri. Mtaalamu Bart Buyck alichapisha mwaka 1994 kitabu kizima, Ubwoba, juu ya uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi. Lakini wewe unapokea gunia kwa utingo! Kati yake na msitu kuna mikono usiyoijua, labda vijana wanaokusanya chochote chenye kofia.

Sikwambii uache. Panda basi uende Rumonge, ukae na wachumaji wawili au watatu, ununue kwao tu, aina mbili wanazozila na watoto wao, basi. Na uyoga usiletwe umekatwa shina. Ule wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama hadi kwenye makao ya mchwa. Amanita wengi wana kama kikombe pale chini. Mchumaji akikata shina, amekata kitambulisho. Fungu lisilo na shina, likatae hata kwa bei ya bure.

(Ukifika huko utaona pia miti inavyokatwa kwa makaa, haya tunayopikia hapa Bujumbura. Uyoga mwingi wa miombo unaishi na mizizi ya miti hiyo. Mti ukienda, nao umekwenda.)

Kwa jirani usiende peke yako. Mchukue mama mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, mpige hodi jioni. Uliza hali za watoto, toa gharama za dawa, na usiseme "mbona wengine walikula wakawa salama." Hata kama ni kweli, kwa mama aliyekesha na watoto wanaotapika ni tusi.

Na mumeo ana haki nusu. Mpaka uonane na wachumaji, usiuze hata fungu moja. Ada haisubiri, najua, lakini basi hilohilo la Rumonge linaleta mawese na ndagala, na hizo hakuna atakayekuuliza zimeota wapi.