DAFTARI LA DUKA: SOMO KWA MUME NA MKE WAFANYAO BIASHARA PAMOJA

Ukitembea kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kutoka Usenge na Asembo Bay mpaka Kendu Bay na Mbita, ni shida kukuta ufuo wa wavuvi usio na duka karibu yake. Aghalabu duka hilo ni la mtu na mkewe. Mume huondoka alfajiri kwenda Kisumu kununua bidhaa katika maduka ya jumla, au katika soko la Kibuye. Mke hubaki nyuma ya kaunta, mtoto mgongoni, akipima sukari robo robo na kumimina mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo. Jioni fedha zote hutiwa katika kopo moja, na kopo hilo hilo hutoa nauli, karo ya shule, unga wa nyumbani na mchango wa matanga. Miaka miwili ikipita, duka limefungwa, rafu ni tupu, na majirani wanasema ya kuwa mwenyewe amerogwa.

Mara nyingi hakurogwa. Alikosa daftari.

Biashara ya namna hii si ngeni katika nchi ile. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji ulioitwa Port Florence wakati ule, mwezi Desemba 1901, na nyuma yake wakaja wafanyabiashara wa Kihindi. Allidina Visram, tajiri aliyetoka Kutch, alikuwa na maduka katika sehemu nyingi za Kenya na Uganda kabla ya kufa kwake mwaka 1916. Lakini wengi waliomfuata hawakuwa matajiri hata kidogo. Walikuwa mtu na mkewe waliolala katika chumba kilicho nyuma ya duka. Mume alipokwenda kutafuta bidhaa, mke aliuza, na usiku hesabu ya siku iliandikwa katika kitabu. Baada ya sheria ya leseni za biashara ya 1967, watu wasio raia walizuiwa kufanya biashara katika sehemu nyingi za mashambani, na maduka mengi yakaingia mikononi mwa wenyeji. Majengo yalirithiwa. Kitabu cha hesabu hakikurithiwa kila mahali.

Wala si kweli kwamba wenyeji walikuwa hawajaanza. Mwaka 1947 Oginga Odinga na wenzake waliunda Luo Thrift and Trading Corporation, ili Wajaluo waweke akiba na kufanya biashara kwa fedha zao wenyewe. Huko Kabete, Chuo cha Jeanes kilichofunguliwa mwaka 1925 kilizoea kupokea wanafunzi pamoja na wake zao, na baada ya Vita Kuu ya Pili wenye maduka walipewa masomo ya hesabu huko. Waliopanga masomo hayo walijua jambo moja ambalo wengi husahau hata leo: kumfundisha mume hesabu na kumwacha mke bila kujua ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha ule wa nyuma wazi.

Sasa tazama mfano mmoja, msomaji, na bei zake ni za mfano tu. Gunia la sukari la kilo 50 limenunuliwa kwa shilingi 6,000, na nauli ya kulifikisha dukani ni shilingi 200. Basi gunia hilo limegharimu shilingi 6,200. Mke auza robo kilo kwa shilingi 35, maana yake kilo moja ni shilingi 140. Katika kupima robo robo, kilo moja hivi hupotea kwa kumwagika na kwa mkono mkarimu. Zabaki kilo 49, zenye thamani ya shilingi 6,860. Faida ni shilingi 660, nayo si haba.

Lakini watu wa nyumba hiyo hunywa chai. Robo kilo asubuhi, robo kilo jioni, kwa kuwa wageni hawakosekani. Gunia likichukua siku 10 kwisha, nyumba imetumia kilo 5. Kilo zilizouzwa kweli ni 44, na fedha zilizoingia ni shilingi 6,160. Duka limepata hasara ya shilingi 40, na hapana mwizi aliyeingia. Mume arudipo na kuona fedha za kununulia gunia jingine hazitoshi, humtazama mkewe kwa jicho baya. Mke naye akumbuka nauli ambayo mume hakuieleza vema. Hapo ndipo ugomvi huanza, na kila mmoja wao anasema kweli kwa kadiri ajuavyo.

Dawa yake si kuwanyima watoto chai. Ni kuandika. Kila robo iliyokwenda jikoni iandikwe katika daftari kama iliyouzwa kwa mteja, na jina la mteja huyo ni «Nyumba». Mwisho wa mwezi mume na mke wakiketi pamoja wataona deni la «Nyumba», kisha wataamua kulilipa kutoka mapato ya shamba au ya samaki, au kupunguza matumizi. Wengi huona haya kujidai wenyewe. Lakini deni la nyumba ndilo deni kubwa kuliko yote katika maduka ya mashambani, na ndilo lisiloandikwa kamwe.

Liko deni la pili, ambalo watu wa ziwani huliita gowi kwa Kijaluo, nalo hufuata mwezi wa mbinguni. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na sasa nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Usiku wa giza taa huvuta dagaa, na asubuhi fedha zipo. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, mashua nyingi hulala ufuoni, na wavuvi pamoja na akina mama wanaoanika dagaa huja dukani wakisema, «Andika.» Tena kwa miaka mingi serikali imekuwa ikifunga uvuvi wa dagaa kutoka Aprili mpaka Julai ili samaki wazaane. Mwenye duka asiyejua kalenda hii atajaza rafu mwezi Machi kwa kuwa mauzo ni mazuri, kisha ataziona bidhaa zake zikitoka kwa mkopo miezi minne mfululizo. Mwenye kujua huanza kukusanya madeni usiku wa giza, wakati mvuvi ana fedha mkononi, wala hangojei mpaka mwezi uwe mpevu.

Kudai lakini si jambo jepesi, hasa kwa mke. Yeye ameolewa katika mji ule. Huitwa kwa jina la kwao, «Nyar Asembo» au «Nyar Gem», na kila siku hukumbushwa hivyo kuwa ametoka mahali pengine. Baba mkwe akituma mtoto achukue sukari na sabuni, ni nani atakayemfuata mzee huyo kumdai? Shemeji akisema, «Duka hili ni la ndugu yangu,» mke atajibu nini? Wako mume na mke ambao wamepatana hivi: hapana mmoja wao awezaye kutoa mkopo unaozidi shilingi 300 peke yake. Mke humwambia shemeji kwa heshima, «Ngoja baba watoto arudi, tuna mapatano.» Mume naye humwambia rafiki yake, «Mama ndiye mwenye daftari.» Hakuna aliyetukanwa, na sukari imebaki ndani ya gunia. Kwa matanga hutenga kiasi fulani kila mwezi kuwa sadaka ya duka, na kiasi hicho kikiisha, kimeisha.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, maduka mengi ya ziwani yamekuwa pia mahali pa kuweka na kutoa fedha. Kazi hiyo huleta wateja, lakini huleta pia mtego. Fedha za wakala ni mtaji wa kuzungusha. Faida ni ile kamisheni tu. Kopo la pili lahitajika, na ukurasa wake katika daftari.

Limebaki jambo ambalo watu hawapendi kulitaja duka lingali likiendelea vizuri. Mume akifariki dunia, au ndoa ikivunjika, duka ni la nani? Sheria ya urithi ya Kenya iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981 inamkataza mtu yeyote kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, awe ndugu au jirani. Hata hivyo yajulikana jinsi mizani na magunia yanavyoweza kuchukuliwa kabla hata ya mazishi. Mjane asiye na maandishi hawezi hata kusema ni magunia mangapi yaliyokuwamo.

Tena ipo sheria ya mali ya wanandoa ya 2013. Inasema ya kuwa mchango wa mume au mke si fedha peke yake. Kulea watoto ni mchango, kazi za nyumbani ni mchango, na kusimamia biashara ya jamaa kumetajwa humo waziwazi. Mke aliyesimama nyuma ya kaunta miaka 15 hakuwa «akimsaidia» mumewe tu. Alikuwa akijenga mali. Lakini mbali na nyumba ya wanandoa na vyombo vyake, sheria hiyo yazungumza juu ya mali iliyopatikana katika ndoa na kumilikiwa na wote wawili. Kwa sababu hiyo yafaa jina la biashara liandikishwe kwa majina ya mume na mke pamoja, jambo ambalo siku hizi hufanywa kwa mtandao wa serikali, na leseni ya kila mwaka ya kaunti itolewe kwa jina hilo hilo.

Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua ya kuwa kugawana nusu kwa nusu hakuji kwenyewe kwa sababu tu watu wameoana. Kila mmoja hana budi kuthibitisha alichochangia. Mke aliyeuza bila kuandika atabaki na maneno ya mdomo, na mashahidi ambao wengi wao ni ndugu za mume. Aliyeandika ana kurasa zenye mwandiko wake, tarehe kwa tarehe: gunia lililoingia, robo zilizouzwa, deni la mvuvi fulani lililolipwa usiku wa giza, na sukari ya «Nyumba». Kurasa hizo zaweza kuwekwa mezani mbele ya hakimu.