Dondoo muhimu: Miguu ya mwenye kisukari msimu wa korosho
Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu huweza kufisha hisia za nyayo. Mgonjwa anayeokota korosho Masasi au Newala huweza kuchomwa mwiba asubuhi na kuugundua jioni, kwa doa la damu kwenye kandambili. Viatu vya shambani vifunike vidole, na kabla ya kuvaliwa vikung'utwe na kupapaswa ndani. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na asiyehisi hajui kama ameyakanyaga. Panapobanguliwa korosho, kutembea pekupeku hakufai kabisa. Kila jioni nyayo zikaguliwe, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu, zioshwe na kukaushwa hadi katikati ya vidole. Maji Newala ni ya shida, lakini kopo moja latosha. Funza asichokonolewe kwa pini nyumbani. Kidonda, hata kisichouma, kipelekwe zahanati siku hiyohiyo.