Kioo Kwanza, Mengine Baadaye: Vidokezo 9 vya Kununua Kompyuta ya Kipande Kimoja kwa Bei Nafuu

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, uone macho yako yatatua wapi. Yataenda kwa zile zinazofanana na runinga: kioo kipana, stendi chini, hakuna CPU ya pembeni wala fundo la nyaya. Wauzaji huziita "oli-in-wani", maana mashine nzima imejificha nyuma ya kioo. Mezani hazili nafasi, ndiyo sababu zimejaa steshenari, saluni na maduka ya dawa.

Nyingi za bei nafuu ni mtumba: zimetumika maofisini ng'ambo, zikachokwa, zikapakiwa kwenye kontena. Hakuna ubaya, tunavaa mtumba na tunapendeza. Tatizo ni moja tu. Kompyuta yenye CPU yake pembeni ikifa kioo, unanunua kioo kingine na maisha yanaendelea. Hii ya kipande kimoja, kioo na mashine ni mume na mke wasiojua talaka. Kwa hiyo shika kanuni hii kabla hujashika pochi: kaza macho kwa kile kisichobadilishika, legeza kwa kile ambacho fundi anakibadilisha kwa nusu saa.

1. Taja kazi kabla ya kuuliza bei

Kuchapa barua, kujaza fomu za mtandaoni, kuweka hesabu za duka, kuangalia filamu jioni: Core i3 au i5 ya miaka ya karibuni inazimudu zote. Kuhariri video za harusi au kuchora ramani za nyumba ni habari nyingine. Hapo chukua ile ya CPU pembeni, kwa sababu siku ukipata pesa utaiongezea kadi ya picha. Hii ya kipande kimoja kwa kawaida haina pa kuiweka. Muuzaji akikwambia "bosi, hii inafanya kila kitu," muulize: kitu gani na gani?

2. Soma namba iliyo baada ya kistari

Stika ya "Core i5" peke yake haikwambii umri. Kuna i5-4570 ya mwaka 2013 na i5-8500 ya mwaka 2018. Jina la ukoo ni moja, lakini mmoja ni babu na mwingine ni mjukuu. Tarakimu inayofuata kistari, au mbili za kwanza kama namba ina tarakimu tano, ndiyo kizazi: 4570 ni kizazi cha nne, 8500 cha nane, na 10400 ni cha kumi.

Kizazi kina maana gani kwako? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane. Chini ya hapo mashine itawaka na kufanya kazi, ila viraka vya usalama vya kawaida vimekoma. Kama utaingia humo kwenye akaunti ya benki, vuka mstari wa kizazi cha nane. Dukani, HP EliteOne 800 G4 na Dell OptiPlex 7460 ziko upande salama. 800 G2 na 7440 ni kizazi cha sita. Ukiipenda ya zamani kwa bei yake, weka Linux Mint, ambayo ni ya bure na bado inapata viraka.

3. Upya wa boksi usikulevye

Kuna mashine mpya kabisa, nailoni bado iko juu ya kioo, na bei inavutia. Kabla hujatabasamu, soma prosesa. Ukikuta Celeron kama J4025, hiyo ina viini viwili tu. I5-8500 iliyotumika ina viini sita. Mpya ya namna hiyo itafungua barua pepe vizuri, lakini ukiongeza kurasa tano za intaneti na faili la Excel, itakuacha ukitazama kiduara kikizunguka. Mtumba mzuri hushinda mpya dhaifu.

4. Kioo kikaguliwe kama mchumba

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Nenda na flashi yenye picha tatu tupu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Fungua kila moja ijaze kioo chote. Kwenye nyeupe tafuta madoa, vivuli vya njano pembeni na alama za kugandamizwa. Kwenye nyeusi tafuta vinukta vinavyong'aa na mwanga unaovuja kwenye kingo. Kwenye nyekundu tafuta vinukta vilivyokufa na mistari. Mstari mmoja mwembamba leo mara nyingi huita wenzake.

Angalia na ukali wa picha. Vioo vya inchi 19.5 mara nyingi huishia 1600 kwa 900. Ukipata cha inchi 21.5 hadi 24 chenye 1920 kwa 1080, macho yako yatakushukuru. Kama kioo ni cha kugusa, bonyeza ikoni kwa kidole na uiburute kutoka kona hadi kona. Inapokuponyoka mara mbili mahali pamoja, hapo pamekufa.

5. RAM na diski zisikunyime usingizi

Mashine nzuri yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka usiikimbie. Itumie kuteremsha bei. Nyingi zinatumia RAM ndogo kama za laptop, na fundi atakuongezea hadi GB 8 na kukuwekea SSD ya GB 256 ukiwa unakunywa soda. Mashine iliyokuwa nzito itakuwa kama imezaliwa upya.

Angalizo ni kwa wapenzi wa iMac. Za inchi 21.5 zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi 2019 zimegundishwa kioo kwa gundi, na kuongeza RAM ni mpaka kioo king'olewe, na kwa baadhi haiongezeki kabisa. Za inchi 27 za miaka hiyo zilikuwa na kimlango cha RAM nyuma. Ukitaka iMac na bajeti ni finyu, nunua yenye RAM ya kutosha tangu siku ya kwanza.

6. Usidhani ina Wi-Fi

Hili limenikuta. Nilibeba mashine safi, kioo hakina hata doa, nikafika nyumbani, nikatafuta alama ya Wi-Fi hadi nikachoka. Haikuwamo. Ofisi ilikotoka walitumia waya wa intaneti, na kifaa cha Wi-Fi hawakukihitaji. Muuzaji hakunidanganya, mimi sikuuliza. Kipokezi kidogo cha USB kilimaliza tatizo, ila nauli ya kurudi mjini niliilipa mwenyewe.

Kwa hiyo pale pale dukani unganisha na intaneti ya simu yako, fungua kamera, cheza wimbo kwenye spika, chomeka flashi kwenye kila tundu. Ukikuta mashine yenye tundu la HDMI la kuingiza picha, iongezee alama: siku ubongo wake ukifa, huenda kioo kikaendelea kutumika kwa kompyuta nyingine.

7. Hakikisha mwenye nyumba wa zamani amerudisha funguo

Kompyuta za kampuni hufungwa kwa nenosiri la ndani kabisa, chini ya Windows. Izime, iwashe, na ubonyeze kwa kurudia F10 kwa HP, F2 kwa Dell, au F1 kwa Lenovo za ofisini. Ikikuingiza kwenye mipangilio, salama. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, mwambie alitoe kwanza, wewe ukiwa umesimama hapo. "Tutakutolea kesho" ni kesho isiyofika. Kwa sababu hiyohiyo usiridhike na maneno "tumeshakupigia Windows". Windows hupigwa upya kwa dakika chache, nenosiri la chini hubaki.

8. Iwekee umeme wake kwenye bajeti

Hii si laptop. Haina betri, na umeme ukikatika, barua ya kurasa nne inakwenda nao. Tenga pesa ya UPS ndogo. Ya 650VA itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri, itaielemea.

Soma pia kibandiko cha adapta au cha nyuma ya mashine. Kikiandikwa 100-240V, chomeka bila hofu. Kikiishia 115V au 120V, mashine ililetwa kutoka nchi za umeme mdogo, na soketi yetu itaiunguza. Upande wa Luku usiogope: mashine inayokula wati 50 kwa saa kumi inatumia nusu uniti.

9. Risiti iwe na namba, safari iwe na blanketi

Dai risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe juu yake au kwenye karatasi ya waranti. Uliza swali moja la ziada: waranti hii inagusa kioo? Waranti nyingi za mtumba huishia pale kioo kinapoanza, na wewe sasa unajua kioo ndicho mali yenyewe.

Kuibeba, bodaboda isahau. Chukua bajaji au teksi, ilaze kwenye kiti cha nyuma juu ya blanketi, kioo kielekee juu na pasikae kitu juu yake. Ukifika, iache mbali kidogo na ukuta ipate pumzi. Wa Tanga, Mombasa na Unguja, hewa yenu ya chumvi haina huruma na vyuma. Isogezeni mbali na dirisha la baharini.

Na kabla ya hayo yote, omba kiti. Washa mashine, cheza video, kaa nayo dakika ishirini huku mkono ukipapasa mgongo wake. Sikiliza feni: ikivuma kama jenereta, vumbi limejaa au joto limezidi. Tazama kioo kikishapata moto, maana makosa mengine hujitokeza hapo. Muuzaji mwenye mashine nzima atakuletea na chai. Mwenye haraka ya kukufungia boksi, muache nalo.