Divai, Tembo na Hesabu ya Msafiri wa Baharini

Meli za watalii zinazotia nanga Unguja, Mombasa na Dar es Salaam huwapa abiria wao namna mbili za kulipia vinywaji. Namna ya kwanza ni kulipa kila glasi peke yake. Namna ya pili ni kununua kifurushi: abiria hulipa kiasi maalumu kwa kila siku ya safari, kisha hunywa apendavyo. Mpenzi wa divai hujiuliza: ni ipi kati ya njia hizi iliyo na nafuu? Swali hili laonekana kuwa la watu wenye fedha tu. Lakini ndani yake mna hesabu ya kidato cha pili, kemia ya kidato cha tatu na elimu ya mwili wa binadamu. Makala haya yanakusudia kulichambua kwa mifano ya pwani yetu, hasa Saadani, ili mwalimu apate somo na mwanafunzi apate zoezi.

Ni vema kusema mapema kwamba wakazi wengi wa pwani hawanywi kileo kwa sababu ya dini yao, na kwamba sheria yetu haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa kileo. Somo hili halimfundishi mtu kunywa. Linafundisha kupima.

1. Kinywaji kisichoweza kusafiri

Saadani iko ufukweni, kilometa zipatazo 45 kaskazini ya Bagamoyo kwa mstari ulionyooka, nayo inatazamana na kisiwa cha Unguja. Leo jina lake linajulikana zaidi kwa Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 2005, ambamo wanyama wa porini hufika hadi karibu na bahari. Katika mwambao huu minazi ni mingi, na penye minazi hapakosi mgema.

Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni. Kwa kotama hukata ncha ya karara ambalo halijafunguka, na utomvu hudondoka polepole katika kibuyu kilichofungwa hapo. Utomvu unapotoka mtini ni mtamu na hauna kileo. Katika lita moja mna sukari ya gramu 100 hadi 160, na karibu yote ni sukari ya aina ile ile ya miwa. Lakini kibuyu si kitupu kamwe: kuta zake zina chachu na bakteria wa jana. Papo hapo uchachukaji huanza. Chachu huivunja sukari kuwa alkoholi na hewa ya ukaa:

C12H22O11 + H2O → 4C2H5OH + 4CO2

Tutumie mlinganyo huu. Gramu 342 za sukari hutoa gramu 184 za alkoholi. Kwa hiyo lita ya utomvu yenye gramu 120 za sukari haiwezi kutoa zaidi ya gramu 65 za alkoholi. Kwa kuwa mililita moja ya alkoholi ina uzito wa gramu 0.789, hizo ni mililita 82, yaani asilimia 8 ya ujazo. Tembo halisi huwa chini ya hapo, kwa sababu bakteria nao hula sehemu ya sukari hiyo.

Mlinganyo huo huo unatueleza jambo la pili. Gramu 120 za sukari hutoa hewa ya ukaa ya gramu 62, ambayo katika joto la pwani hujaza karibu lita 35. Lita moja ya tembo huzaa lita 35 za hewa! Mtu akilitia tembo changa katika chupa na kuikaza kizibo, ametengeneza kombora. Naye akiliacha wazi, bakteria wengine hutumia oksijeni ya hewani kuigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki. Baada ya siku moja au mbili tembo limekuwa kali, na halina mnywaji tena.

Basi ndiyo sababu tembo halimo katika kifurushi cha meli yoyote ya safari ndefu. Ni kinywaji cha saa chache, kinachonywewa karibu na mnazi wake. Sri Lanka na Nigeria wameweza kulitia katika chupa kwa kulipasha joto ili kuua vijidudu, lakini hilo ni tembo lililokwisha kuzimwa, na ladha yake si ile ya asubuhi.

2. Kinywaji kilichozoea bahari

Divai ni nduguye tembo kwa kemia, ila ana nguvu zaidi za kusafiri. Maji ya zabibu zilizoiva vizuri yana sukari ya gramu 220 hivi katika lita. Mwanafunzi akirudia hesabu yetu kwa glukosi, ambayo gramu 180 zake hutoa gramu 92 za alkoholi, atapata asilimia 14 ya ujazo. Watengenezaji hupata 12 hadi 14. Kiasi hicho cha alkoholi, pamoja na uchachu wa asili wa zabibu, huwazuia bakteria wengi. Huongezwa pia salfa dioksidi kidogo, kisha chupa hujazwa na kuzibwa baada ya uchachukaji kwisha na hewa ya ukaa kutoka. Adui aliyebaki ni oksijeni, naye amefungiwa nje.

Karne ya 18 divai ya kisiwa cha Madeira ilipakiwa katika mapipa na kupitishwa nchi za joto. Wafanyabiashara waligundua kwamba joto la ngama lilikuwa likiipa ladha nzuri zaidi, hata baadhi ya mapipa yakawa yanasafirishwa kwenda na kurudi kwa makusudi hayo. Lakini divai hiyo ilikuwa imeongezewa pombe kali. Divai ya kawaida ikiachwa katika joto la mashua juani huharibika upesi. Anayeibeba kwenda ufukweni Saadani hana budi kuiweka kivulini, penye ubaridi.

Zabibu si zao la pwani yetu yenye unyevu mwingi. Kwetu zao hili lina makao yake Dodoma, kwenye uwanda mkavu wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuwa kikiishughulikia mizabibu. Dodoma ina jambo ambalo nchi nyingi za divai hazina: mkulima aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Msafiri anayetaka kuonja divai ya nchi yetu na aulize kama imo katika orodha ya meli kabla ya kulipa, kwani kifurushi hununua tu vile vilivyoandikwa ndani yake.

3. Hesabu ya kifurushi

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kifurushi ni shilingi 120,000 kwa siku, glasi moja ya divai ya mililita 150 ni shilingi 20,000, na chupa nzima ya mililita 750 ni shilingi 80,000. Tukiita bei ya kifurushi K na bei ya glasi G, idadi ya glasi inayolingana na kifurushi ni K ÷ G, yaani 6. Anayekunywa chini ya glasi sita kwa siku amepata hasara.

Hapo wengi huishia. Lakini tuendelee hatua tatu.

Kwanza, vifurushi vingi hulipiwa kwa siku zote za safari, zikiwamo zile ambazo abiria yuko nchi kavu. Tuchukulie safari ya siku saba, ambayo siku tatu abiria anashinda nje ya meli: moja Mji Mkongwe, moja Bagamoyo, moja Saadani. Amelipa shilingi 840,000 kwa siku nne za kunywa, sawa na shilingi 210,000 kwa kila siku. Sasa glasi zinazohitajika si 6 bali ni 10 na nusu.

Pili, divai inaweza kununuliwa kwa chupa. Chupa moja ni glasi tano. Wasafiri wawili wakishirikiana chupa moja kwa siku, kila mmoja hulipa shilingi 40,000, ambayo ni theluthi moja ya bei ya kifurushi, na tena huchagua divai waitakayo. Vifurushi vingi vina kikomo cha bei ya glasi. Divai bora huwa juu ya kikomo hicho. Hivyo mpenzi wa divai hasa, yaani yule anayetafuta ubora kuliko wingi, ndiye ambaye kifurushi humfaa kidogo zaidi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuulize glasi sita ni nini ndani ya mwili.

4. Hesabu ya ini

Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina alkoholi ya mililita 19.5, sawa na gramu 15.4. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hivi kwa saa, wengine zaidi kidogo na wengine pungufu. Glasi moja, basi, ni kazi ya saa mbili na zaidi. Glasi sita ni gramu 92, ambazo ni kazi ya saa 13. Glasi kumi na nusu ni gramu 162, kazi ya saa 23: ini halijamaliza ya leo, na ya kesho imefika.

Tazama basi jinsi hesabu mbili zinavyogongana. Hesabu ya mfuko inasema: kunywa zaidi ili usipate hasara. Hesabu ya mwili inasema: kila glasi unayoiongeza ili kuokoa fedha ni deni lingine. Na fedha ile imekwisha kulipwa. Hairudi, unywe au usinywe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Hatari huongezeka kadiri kiasi kinavyoongezeka.

Baharini kuna sababu nyingine mbili. Alkoholi huizuia homoni inayolifanya figo lihifadhi maji, kwa hiyo mnywaji hupoteza maji mengi wakati ambapo jua nalo linamkausha. Tena, ndani ya sikio mna mifereji iliyojaa majimaji, na ndani yake kiungo laini kinachopima mzunguko wa kichwa. Alkoholi hukiingia kiungo hicho mapema kuliko inavyoyaingia majimaji yanayokizunguka. Kikawa chepesi, kikaelea, na mtu akahisi dunia inazunguka hali amelala. Mtu huyo akishuka ngazi ya meli kuingia mashua ndogo, upepo wa Kusi ukivuma, yuko hatarini kweli kweli.

Kwa hiyo ushauri wa sayansi ni huu. Amua kwanza, ukiwa nchi kavu, kiasi utakachokunywa. Ndipo ulinganishe bei. Mara nyingi utaona kwamba chupa ya kushirikiana, maji mengi, na dafu siku ya kushuka pwani, vimekutosheleza kwa gharama ndogo. Kwa asiyekunywa kileo hesabu ni ile ile: na apige K ÷ G kwa bei ya maji ya matunda na kahawa.

5. Methali mbele ya mizani

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Je, twaweza kumkamata mgema huyo kwa kipimo? Utomvu wenye gramu 120 za sukari katika lita una msongamano wa 1.05 hivi, maji ni 1.00. Ukichanganya sehemu mbili za utomvu na moja ya maji, msongamano hushuka kufikia 1.03. Mwanafunzi mwepesi atasema: tumempata! Asiharakishe. Tembo safi lililochachuka saa chache nalo hushuka kufikia 1.03, maana sukari yake imepungua na alkoholi, ambayo ni nyepesi kuliko maji, imeongezeka. Kipimo kimoja hakiwezi kumtofautisha mwizi na mwaminifu.

Dawa ni kupima mara tu utomvu unaposhuka mtini, au kungoja uchachukaji wote wishe na kupima alkoholi: utomvu safi waweza kukaribia asilimia 8, lakini uliotiwa maji hautapita 5 na nusu. Funzo hili lafaa kwa kila atakayepima kitu chochote: kabla ya kuhukumu, uliza ni sababu ngapi zinaweza kuleta namba ile ile.

Mazoezi

1. Yeyusha gramu 12 za sukari katika mililita 100 za maji ya uvuguvugu, tia hamira kidogo, na funika mdomo wa chupa kwa puto. Pima mzingo wa puto kila baada ya nusu saa kisha chora grafu. Kwa nini mwinuko wake hubadilika? (Mwalimu asiruhusu chupa kuzibwa kwa kizibo, wala mchanganyiko kunywewa.)

2. Kikombe cha nusu lita cha tembo lenye asilimia 6 kina gramu ngapi za alkoholi? Linganisha na glasi ya divai iliyotajwa hapo juu. Ni kipi kilicho kikubwa, na kwa nini watu wengi hudhani kinyume?

3. Kifurushi kimepunguzwa hadi shilingi 90,000 kwa siku, lakini bado hulipiwa siku zote saba. Tafuta idadi ya glasi inayolingana nacho kwa siku nne za kuwa melini, kisha tafuta saa ambazo ini litahitaji kwa kila siku. Je, punguzo hilo limebadili ushauri wetu?