Kulinganisha Mauzo ya Karatasi kati ya Nchi na Nchi

Pamba, ambayo ndiyo zao kuu la biashara la Bariadi na Mkoa wa Simiyu, karibu yote ni selulosi. Karatasi nayo ni selulosi, lakini nyingi hutokana na nyuzi za miti. Katika kiwanda cha Mgololo, Wilaya ya Mufindi, kilichojengwa kati ya miaka ya 1970 na 1980, misindano na mikaratusi hugeuzwa kuwa rojo, kisha karatasi. Baadhi ya karatasi hutumika nchini, na nyingine huvuka mpaka. Mwanafunzi akipewa jedwali la tani ambazo nchi mbili zimeuza nje, asiharakishe kutoa hukumu. Kwanza na ajiulize maswali matatu.

1. Kimepimwa nini?
Karatasi ya A4 ina eneo la moja ya kumi na sita ya mita ya mraba. Ikiwa uzani wake ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ukurasa mmoja una gramu 5. Tani moja ya karatasi hiyo hutandaza mita za mraba 12,500. Tani moja ya kadibodi yenye gramu 300 kwa mita ya mraba hutandaza 3,333 tu. Basi, tani sawa si lazima ziwe matumizi sawa, wala thamani sawa.

2. Kimehesabiwa nini?
Forodha za nchi nyingi hufuata mpangilio mmoja wa kimataifa. Rojo limo katika Sura ya 47. Karatasi, kadibodi, maboksi na madaftari yamo katika Sura ya 48. Vitabu vilivyopigwa chapa vimo katika Sura ya 49. Boksi tupu likiuzwa nje ni kadibodi. Likijazwa chaki, kama zile zitengenezwazo Maswa, kwa kawaida huhesabiwa pamoja na chaki. Hivyo kadibodi nyingi huvuka mipaka bila kuonekana katika hesabu ya kadibodi.

3. Amehesabu nani?
Mauzo ya nchi A kwenda B yangepaswa kulingana na manunuzi ya B kutoka A. Mara nyingi hayalingani. Shehena iliyoondoka Desemba huweza kupokelewa Januari. Mzigo uliopita nchi ya tatu huweza kuandikwa kuwa umetoka huko. Kwa thamani, muuzaji huandika bei ya bandarini kwake, na mnunuzi huongeza nauli na bima.

Jambo hili lina uzito kwetu. Anayekusudia kujenga kiwanda cha maboksi Simiyu hawezi kutegemea takwimu za mauzo ya nje peke yake. Hana budi kukadiria matumizi ya nchi: uzalishaji, kuongeza manunuzi kutoka nje, kutoa mauzo ya nje. Akikosea hapo, mitambo itakaa bure na wafanyakazi watakosa kazi.

Zoezi
Tuseme nchi A imeuza tani 900 za kadibodi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na B tani 300 za karatasi ya gramu 75. Ipi imeuza uzito mkubwa zaidi? Ipi imeuza eneo kubwa zaidi?

Jibu: A kwa uzito, B kwa eneo, yaani mita za mraba 4,000,000 dhidi ya 3,000,000.